Madam, Maji Yanakupwa

Katika daftari langu la utafiti kuna mstari nilioandika kwa kalamu ya bluu: "Binti wa kamera namba 3. Kimya. Hashiriki." Pembeni nimempa alama 1 kati ya 5. Nilikuwa na jedwali, na jedwali lilitaka namba.

Siku ile tulivuka kwenda Kilwa Kisiwani na wanafunzi ishirini wa kidato cha pili, mwalimu wao wa historia, na kamera nne ndogo nilizoazima chuoni. Swali la utafiti wangu wa shahada ya uzamili lilipendeza kwenye karatasi: mwanafunzi akijirekodi anapojifunza nje ya darasa, kisha akaitazama rekodi yake, anaona nini ambacho hakukiona mwanzo? Kutoka Kilwa Masoko mashua haichukui muda mrefu. Ukishuka unapokewa na Gereza, ngome ya Wareno ya mwaka 1505 iliyojengwa upya na Waarabu wa Oman katika karne ya 19. Mbele kidogo upo Msikiti Mkuu na kuba zake, mawe ya matumbawe na chokaa. Wanafunzi walishayakariri haya yote, hadi mwaka aliofika Ibn Battuta, 1331. Mimi niliwapeleka wakayaone waliyoyakariri.

Maswali niliyachapa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, na sikutaka msimamizi wangu aniulize. Kila mmoja alitakiwa asimame mbele ya kamera aeleze anachokiona. Vijana wa mjini walisimama kifua mbele wakatiririsha sentensi za kitabuni. Niliwapa 5, niliwapa 4. Binti wa kamera namba 3 alirekodi wenzake tu. Zamu yake ilipofika, alitazama chini.

Jioni tulichelewa kurudi. Kwenye daftari nimeandika "kuchelewa kwa usafiri", kana kwamba usafiri una miguu yake.

Usiku, gesti, feni ikilalamika juu ya kichwa, nilifungua kadi ya kamera ile. Kwenye dakika ya 41 alisahau kuizima, au hakusahau, sijui. Picha ni ya mchanga na upindo wa sketi ya shule. Ila sauti ni safi kabisa.

"Madam, maji yanakupwa."

"Subiri kidogo, mwenzako anarekodi."

Dakika nne zinapita. Mtu anasoma kwa sauti habari za masultani.

"Madam, leo bamvua. Mashua itakaa."

"Nimesikia, mdogo wangu. Tumalize msikiti kwanza."

Mara ya tatu hasemi nami. Anawaambia wenzake, chinichini: "Vueni viatu mapema." Wanacheka.

Tuliposhuka pwani mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, nahodha naye amelala kivulini. Tulingoja mpaka bahari iliporudi yenyewe. Mvulana mmoja alikatwa mguu na gamba la chaza. Tulifika Masoko gizani, na wazazi waliokuwa wamesimama gatini hawakuja kwangu. Walikwenda kwa mwalimu wa historia. Alijibu yeye, kwa upole, makosa ambayo hayakuwa yake.

Nilisimamisha rekodi nikatoka nje kunywa maji. Niliporudi nikaendelea, na hapo ndipo niliposhindwa kulala.

Kumbe wakati mimi nagombana na simu isiyo na mtandao, binti yule aliichukua kamera akaingia na wenzake watano kwenye mwamba uliokauka. Anaongea. Anaongea kwa Kiswahili chake cha kisiwani, haraka, bila kutafuta neno. Anaeleza kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hujaa sana na kukupwa sana, ndiyo bamvua yenyewe. Anaonyesha tundu la pweza: makombe matupu na vijiwe vilivyorundikwa mlangoni. Anageuza kamera kuelekea ufukwe na kusema bahari inakula kisiwa, na bibi yake anaukumbuka ufukwe ukiwa mbali zaidi. Magofu ya hapa na ya Songo Mnara, ambayo ni Urithi wa Dunia tangu 1981, yalikaa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mmomonyoko wa ufukwe ulikuwa miongoni mwa sababu. Hilo nililisoma Dar es Salaam, maktaba, kwenye kiyoyozi.

Kisha anafika kwa mwanamke aliyeinama na chuma chake mkononi, na kwa dakika kumi na moja wawili hao wanatafuta pweza huku wenzake wakiuliza maswali ambayo hakuna aliyewaandikia.

Msimamizi wangu aliniuliza, "Na ile 1 utaifanyaje?" Kuigeuza 5 kulikuwa rahisi. Lakini basi zile 5 za wasoma-kitabu zingekuwa nini? Nililifuta jedwali lote, na sura ya nne ikarudi kuwa ukurasa mtupu miezi miwili kabla ya tarehe ya kuwasilisha. Nililia kidogo, nakiri.

Baada ya wiki tatu nilipanda basi, Nangurukuru tukakata kushoto, nikarudi kuomba ruhusa yake. Tulikaa chini ya mwembe wa shule, mwalimu wa historia akiwa karibu. Nilimchezea vipande vyote.

"Na wewe unasikika, Madam?"

"Nasikika."

"Ukisema subiri?"

"Nikisema subiri."

Alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Basi weka. Ila pale penye mama yangu patoe. Alikuwa na nguo za pweza."

Sikujua kwamba ni mama yake. Nilimwangalia mwalimu, naye akaangalia mwembe. Zilikuwa dakika kumi na moja, bora kuliko zote nilizokuwa nazo. Nilizikata palepale, yeye akitazama, kabla sijaanza kumbembeleza.