Kazi ya Kuitunza Seva ya Shule Yetu

Wengi hapa shuleni hudhani kwamba kazi ya kompyuta ni kukaa kitini na kubonyeza vidole. Sisi wa chama cha kompyuta twajua kwamba sivyo. Iko kazi moja imchoshayo mtu kuliko kulima shamba la shule, nayo ni kupanga seva. Napenda kuwaeleza wenzangu habari zake, pamoja na ninyi kaka zetu mliokwisha kumaliza masomo hapa.

Seva ni kompyuta ikaayo ikingoja kuombwa. Mwanafunzi huomba ukurasa, nayo humletea. Seva yetu haihitaji intaneti, maana nyaya zake huishia humu humu shuleni, na hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa fedha ya shule ina kazi nyingi. Ndani yake mna karatasi za mitihani ya miaka iliyopita na maelezo ya walimu. Programu inayojibu maombi huitwa Apache. Ilianza mwaka 1995, pale watu wachache waliojitolea walipokusanya masahihisho yao ya programu iliyotangulia, wakaitoa kwa wote bila malipo.

Muhula wa pili kompyuta ya zamani ilikufa, tukapewa nyingine. Tuliweka Apache mpya, tukanakili mipangilio ile ile iliyotumika miaka mingi bila kasoro. Zilibaki siku 11 kabla ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne. Tulipofungua ukurasa, badala ya karatasi tulipata namba 403. Namba 404 maana yake kitu hakionekani. Lakini 403 ni kama kuambiwa, "Nimekuelewa, ila sikupi."

Siku tatu tulizima na kuwasha bila faida. Kila jioni vijana wa Kidato cha Nne walikuja kuuliza, wakarudi mikono mitupu. Maktaba ilikuwa na nakala mbili tu za karatasi hizo, nao ni zaidi ya mia.

Ndipo mwenzetu mmoja akatoa shauri kwamba tufungue ruhusa zote, kila mtu aweze kusoma na kuandika kila kitu. Ni amri fupi, haizidi mstari mmoja. Lakini mashine hiyo hiyo ina folda ya alama za shule nzima. Wengi walimwunga mkono, wakasema si haki wenye mtihani wateswe kwa woga wetu. Mimi nilikataa, na kwa siku mbili baadhi ya wadogo zangu hawakuniitikia salamu vizuri. Niliona kwamba mtu aliyekosa ufunguo wa mlango mmoja habomoi ukuta wa nyumba.

Basi, seva ina daftari lake, nalo ni faili linaloandikwa makosa. Mgeni huambiwa 403 tu, kwa sababu si vema kumweleza mgeni siri za nyumba. Sababu yenyewe huandikwa ndani. Nilisoma mstari wa mwisho, nikaona kwamba mwombaji amekataliwa na mipangilio ya seva. Mipangilio yetu ilikuwa ya Apache 2.2, na Apache 2.4, iliyotolewa mwaka 2012, ilibadili maneno ya kutoa ruhusa. Tukafuta maneno ya zamani, tukaandika "Require all granted", tukaiwasha upya. 403 tena!

Wenzangu walicheka, wakasema hakuna kilichobadilika. Lakini daftari lilikuwa limebadilika. Sasa lilisema kwamba njia ya kufikia faili ina mahali pasipopitika. Karatasi zilikuwa ndani ya folda ya nyumbani ya mwalimu, kama zilivyokuwa katika mashine ya zamani. Zamani Ubuntu iliacha folda ya namna hiyo wazi kwa watumiaji wote wa mashine, lakini tangu toleo la Aprili 2021, kila folda ya nyumbani inayoundwa hufungwa. Nayo seva, ikitaka faili, sharti ipite kila folda iliyo njiani, kama mgeni apitavyo kila mlango. Mmoja ukifungwa, amekwama.

Hatukuifungua nyumba ya mwalimu. Kwa idhini yake tulizihamishia karatasi barazani, yaani kwenye folda iliyotengwa kwa mambo ya watu wote, tukaipa seva ruhusa ya kusoma tu. Jioni ile karatasi ya Hisabati ilifunguka, na chumba kikajaa hata wengine wakasimama. Alama za walimu zilibaki zimefungwa.

Namba ilikuwa moja, sababu zilikuwa mbili. Aliyetazama mlangoni tu alidhani tumesimama pale pale, kumbe tulikuwa tumekwisha kupita mlango wa kwanza. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, nami naongeza kwamba asomaye daftari la seva huondoka na hatua moja kila siku, hata siku ambayo ukurasa haukufunguka.

Nanyi kaka zetu mliotutangulia, tuna ombi. Vitabu vyetu vya kompyuta katika maktaba ni vya kabla ya mwaka 2012, vyafundisha maneno ambayo yamekwisha kubadilishwa. Mwenye kitabu kipya asichokitumia atukumbuke. Vijana wa Kidato cha Tatu wameanza kujifunza kazi hii, maana sisi mwakani hatutakuwapo.