Nipe Mji

Misunkumilo, Mpanda, Jumatatu 16 Juni 2025

Siku ya Mtoto wa Afrika. Asubuhi redio imewakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kuikataa lugha waliyolazimishwa kusomea. Nilikuwa napiga pasi kola za mashati, nikaiweka pasi pembeni nisikilize. Watoto wale walitoka barabarani wakasema. Binti yangu ana miaka kumi na mmoja, na mgeni akimuuliza yuko darasa la ngapi anatazama vidole vya miguu.

Jioni wamefika ndugu wa upande wa baba yake kutoka Karema, wametuletea migebuka mikavu. Shangazi yake akamuuliza, "Haya mwanangu, shuleni unapenda somo gani?" Majibu yakatoka kila upande. Kaka yake: "Hisabati!" Bibi yake: "Huyo ana aibu, mwacheni." Jirani: "Huyo somo lake ni wali." Watu wakacheka, na yeye akacheka nao, kisha akaingia ndani. Nilikuwa nimekaa karibu yake, nikaona midomo imeshaanza kufunguka. Jibu alikuwa nalo.

Usiku nimewaambia wote wa nyumbani: kuanzia leo mtoto akiulizwa, anajibu mwenyewe, hata chai ipoe.

Alhamisi 19 Juni

Likizo ndiyo msimu wangu wa kushona sare. Mikono miwili haitoshi kupima na kuandika, kwa hiyo tepe nimempa binti. Yeye anapima na kutaja, mimi nakaa mezani na daftari.

Kwa mteja wa kwanza binti alitaja kwa sauti ya kunong'ona. Sikumkemea wala sikumwambia "usiogope". Neno hilo naona halisaidii kitu, maana linamkumbusha mtoto kwamba kuna jambo la kuogopa. Nikamwambia tu, "Sijasikia kiuno." Akarudia. "Hipsi sijasikia." Akarudia. Kufikia saa nne alikuwa anataja kutoka mlangoni: "Kiuno ishirini na nne! Hipsi thelathini! Urefu ishirini na mbili!" Baadaye akaja mama mmoja mnene kushonewa gauni la kitenge, akawa anajikunja kuchekacheka. Binti akamwambia, "Mama, naomba usimame wima, nyanyua mikono kidogo." Yule mama akasimama wima.

Namba isiposikika, sketi inaharibika. Nadhani ndicho kilichomfungua. Sauti yake imepata kazi ambayo bila yeye haifanyiki.

Jumapili 22 Juni

Mama mkwe hapendi mambo haya. "Mkamwana, unamharibu. Mtoto wa kujibujibu wakubwa ataolewa na nani?" Ningeweza kumtajia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Lakini mama yule amelea watoto na wajukuu, sheria haijafika. Siwezi kumjibu kwa kifungu. Nikamuuliza, "Mama, kwenu Inyonga zamani, mtoto alikuwa anaongea lini mbele ya wakubwa?"

Akanyamaza. Kisha: "Usiku. Kwenye vitendawili."

Basi baada ya ugali tumekaa jikoni, maana baridi ya Juni haitaki ukae nje, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. Zamu ikazunguka ikamfikia binti.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Mgeni wangu haiachi njia yake, hata umkaribishe kwa uji."

Baba yake akasema mto. Kaka yake akasema jua. Bibi akafikiri sana, akasema siafu. "Siafu wanaacha njia, Bibi, nimewaona," akajibu, kwa upole kabisa. Tukashindwa. "Nipeni mji!" Bibi akampa Tabora. Akaikataa. "Tabora nimeshapewa na kaka. Nataka Dar es Salaam." Bibi akacheka mpaka kanga ikamwanguka begani, akampa Dar es Salaam. Jibu ni treni, hii ya kwetu inayotoka Kaliua kuja Mpanda.

Nimelala nikiwaza. Wazee wetu walikuwa na mahali ambapo mtoto anamshinda mtu mzima mbele ya watu, anamdai mji, anaukataa asioutaka, na heshima ya mkubwa haipungui hata chembe. Kwa nini tumewaachia watoto runinga saa ile ile ya jioni? Wanaosema kumpa mtoto sauti ni uzungu wangekuwepo jikoni kwangu leo.

Jumanne 24 Juni

Naandika hili ili nisisahau kwa nini nahangaika. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2015-16 uliukuta mkoa wetu wa Katavi ukiongoza nchi nzima: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Kitaifa ilikuwa asilimia 27. Miaka imepita, lakini wasichana wa takwimu ile ndio wateja wangu wa leo. Wananiletea nguo za watoto wao.

Sitaki kumtwisha binti dhambi za wanaume wazima. Akifuatwa njiani, mwenye kosa ni aliyemfuata, hata kama yeye alikaa kimya. Ninachokitaka ni kidogo zaidi, na kiko mikononi mwangu: aliyezoea kusikilizwa nyumbani, siku jambo likimpata, atakuja nyumbani aliseme. Aliyezoea kujibiwa na wengine atamwambia nani?

Ijumaa 27 Juni

Nimemtuma binti mashineni na ndoo ya mahindi, mdogo wake akamfuata. Habari nimezipata kwa huyo mdogo. Baba mmoja mwenye gunia alipitiliza foleni akaliweka gunia mbele yao. Binti akamwambia, "Shikamoo baba. Hapa ni zamu yangu." Yule baba akaitikia marahaba, akaliondoa gunia.

Binti mwenyewe hakunisimulia. Alinihesabia chenji tu, akaenda kucheza rede.

Jumatano 2 Julai

Binti ameshona pindo la kwanza kwenye kitambaa cha mteja. Likaenda upogo. Nikampa wembe, akafumua, akashona tena. Likaenda upogo mahali pengine. Machozi yalikuwa karibu, na mkono wangu ulikuwa unawasha kuchukua kile kitambaa nimalize mwenyewe, maana mteja anakuja kesho. Nikauzuia. Mara hii akalipiga pindo pasi kwanza, kisha akakanyaga cherehani taratibu.

Jirani yangu mwalimu amewahi kunieleza habari za watafiti wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck. Mwaka 1998 waliandika kwamba watoto waliosifiwa kwa akili walikata tamaa upesi walipoletewa maswali magumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Sikumwambia ana akili. Nimemwambia, "Kupiga pasi kwanza ndiko kumelinyoosha." Akauliza kama pindo la mkono nalo hupigwa pasi kwanza.

Alhamisi 10 Julai

Shule zimefunguliwa. Usiku tulikuwa tunafumua begani shati la baba yake, binti akasema bila kuinua macho: mwalimu mmoja anamwita "bubu" mbele ya darasa, tangu muhula uliopita, na wenzake wamelichukua jina hilo.

Miezi yote hiyo.

Nikaendelea kufumua ili asione uso wangu. Nikamwuliza, "Unataka nifanye nini?" Akafikiri, akasema atanijibu kesho.

Ijumaa 11 Julai

Jibu lake: niende. Nimekwenda. Mwalimu yule si mtu mbaya, alinipa kiti, akaniambia ulikuwa utani wa kuchangamsha darasa. Nikamwambia, "Mwalimu, kwenye utani ule mtoto hakucheka." Akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Hapo sauti yangu ilipanda, na siisikitikii. Jina analopewa mtoto mbele ya wenzake arobaini hawezi kulivua akifika nyumbani kama anavyovua sare.

Mwalimu mkuu ameahidi kulizungumza na walimu wote kikaoni. Ahadi nimeipokea, lakini Jumatatu nitarudi kuuliza. Binti amesema anataka kuja, ila mazungumzo niyaanze mimi, na akinigusa mkono nimwachie yeye. Tumekubaliana.