Mawe ya Bahari, Tarime

Tarime haina shida ya mawe. Yamelala juu ya vilima kama ng'ombe waliochoka, na ukifika Nyamongo utakuta watu wanaoweza kulishika jiwe, kuligeuza mara mbili na kukwambia kama lina dhahabu. Kwa hiyo niliposhusha viroba viwili vya mawe kutoka kwenye basi la Dar, mama aliuliza swali la haki kabisa: "Mawe yameisha huku, mwanangu?"

Hayajaisha, ila haya ni ya tangi la maji ya chumvi. Itale ya vilima vyetu haina matundu. Mawe ya upande wa machimbo ndiyo usiyaguse kabisa: yana salfaidi, ambayo ikikutana na hewa na maji hutoa asidi. Waliofuatilia malalamiko ya Mto Tigithe mwaka 2009 hawahitaji somo hilo. Na shaba, hata chembe, huua konokono na kamba.

Wafugaji wa samaki wa baharini husema "jiwe hai". Jiwe lenyewe ni mifupa ya matumbawe. Kilicho hai ni wapangaji wake. Bakteria wa juujuu hugeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, wengine huigeuza naitreti, na ndani kabisa, kwenye matundu yasiyo na oksijeni, wapo wanaoirudisha hewani kama gesi ya naitrojeni. Bila wao samaki huoga sumu yake mwenyewe.

Kuna mtu wa pwani alinitajia bei ya mawe yaliyotolewa majini siku hiyo hiyo, eti bado yanachuruzika. Nilikataa. Sheria zetu zinakataza kubomoa matumbawe, na biashara yake kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Lakini hata kusingekuwa na sheria: joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana Bahari ya Hindi ya magharibi, na mwamba huinuka milimita chache tu kwa mwaka. Miaka yote nimeandika habari za watu kuchimbuliwa ardhi yao. Siwezi kununua mwamba wa wenzangu kwa kiroba.

Nilichochukua ni mawe ya nchi kavu. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari. Ndiyo yaliyojenga Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe. Kuyachagua si kazi ngumu. Jiwe zuri ni jepesi kuliko linavyoonekana, lina matundu ya kupitisha kidole, na ukilidondoshea siki linatoa povu. Lenye mistari ya kutu liache.

Kazi iko kwenye kulitayarisha. Nilisugua udongo kwa brashi, nikaloweka, nikamwaga maji, nikaloweka tena, hadi maji yakatoka safi. Kisha pipa lenye gramu 35 za chumvi ya akwaria kwa kila lita, pampu ya kuzungusha maji, na hita, maana usiku wa Tarime mwezi wa Juni si wa mchezo. Mfuniko juu, mwani usipate mwanga. Chumvi na chupa ya bakteria vilitoka Nairobi kupitia Sirari. Chakula chao: kamba mmoja, aachwe aoze.

Haya yote ni kwa ajili ya mama. Ana miaka sabini na kitu, magoti hayataki tena safari ya Dar, na bahari hajawahi kuiona. Lita 120 si bahari, najua. Wiki ya pili aliinama juu ya pipa, akaziba pua: "Ndivyo inavyonuka yote?"

"Hapana mama, huyu ni kamba."

"Basi mtoe."

Sikumtoa. Sasa ni wiki ya sita, harufu imekwisha na amonia imesoma sifuri mara mbili mfululizo. Kipimo cha naitraiti bado kina uwaridi kidogo. Samaki sijaagiza.