Jani la Kusugulia Sufuria

Akina mama wa Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, upande wa Mbarara nchini Uganda, husugua sufuria zao kwa jivu na mchanga kama wafanyavyo wenzao penginepo. Mama mmoja aliyetoka Kivu hakuridhika na jivu. Kwao, kando ya kijito, ulikuwapo mmea uliolishinda jivu kwa mbali: vijiti vya kijani visivyo na ua, vyenye pingili kama mwanzi mwembamba, ambavyo ukivivuta hukatika pingili kwa pingili. Wazungu huuita mkia wa farasi. Yeye aliuita jani la sufuria, basi. Bintiye, aliyezaliwa Nakivale, hakusadiki. Alidhani ni moja ya zile hadithi za nyumbani, ambako kila kitu kilikuwa bora.

Siku moja akawasili mdogo wake mama huyo, mkimbizi mpya. Katika kitambaa kilicholoweshwa maji alikuwa na kipande cha shina la mmea huo, lile litambaalo chini ya udongo, chenye chipukizi mbili.

Binti alikitazama asione ajabu yoyote. Lakini ukoo wa mmea huu ulikuwapo duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, kabla ua la kwanza halijachanua, wala ndege wa kwanza hajaruka. Zama hizo jamaa zake walikuwa miti hasa, mingine ikipita mita 20, iliyojaa katika vinamasi vya nchi ambazo leo ni Ulaya na Marekani. Ilianguka, ikafukiwa na tope, ikawa sehemu ya makaa ya mawe. Yule mnyama mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, na ambaye sasa amesimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin, aliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Alipozaliwa yeye, ukoo huu ulikwisha kuwa mkongwe. Miti ile yote ilitoweka; zimebaki aina zisizofika 20, nyingi zikiwa fupi. Hazina mbegu, huzaa kwa vumbi laini lipeperushwalo na upepo. Na ule ukali wake juu ya masizi watokana na silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo, ambacho mmea huunyonya udongoni na kukihifadhi katika ngozi yake.

Mama alitaka kuupanda bondeni, penye unyevu. Jirani yake, mzee wa Kinyankole mwenye ng'ombe wa pembe ndefu, akaja kwa upole.

"Mama, siku utakapouchoka, utaweza kuung'oa?"

Mama akanyamaza, kwani jibu alilijua. Shina lake huzama chini kupita kina cha jembe, na kila kipande kisahauliwacho huota upya. Tena mmea huu una kitu kiharibucho vitamini B1. Farasi waulao kwa wingi hupepesuka, na baadhi ya aina zake huwadhuru ng'ombe pia. (Wale wauchemshao na kuunywa ili wapate mkojo wangefanya vema kumwona mganga wa zahanati kwanza.)

"Nimeacha nyumba, shamba na kaburi la mama yangu," alisema hatimaye. "Na hili nalo niliache, Mzee?"

Mzee hakujibu. Alikwenda zake, na jioni akarudi na karai kuukuu, bovu mpini mmoja lakini lisilovuja, akaliweka mlangoni.

Sasa binti ndiye alimwagiliaye maji yaliyooshea mboga. Chipukizi moja imeoza. Ya pili imefikia urefu wa kidole, nayo haijasugua sufuria yoyote bado, maana binti amekataa isiguswe.