Wosia kwa Wanangu wa Karakana

Wanangu,

Ukarabati wa msimu huu ukiisha na mimi nimeisha. Baada ya hapo mtanitafuta nyumbani. Mengi ya kazi yetu mtayakuta kwenye vitabu vya mashine. Habari za mpira wa kuzuia kuvuja hazimo humo, au zimo kwa mstari mmoja tu: namba ya kipuri, idadi, basi. Ndiyo maana nimekaa niwaandikie juu ya oringi, oili sili na gasketi, vitu vya bei ndogo vinavyoweza kusimamisha kiwanda kizima cha sukari huku matrekta yamepanga foleni getini na miwa inachacha juani.

Neno langu kubwa nalitanguliza, ili mvivu wa kusoma aondoke nalo. Msichague mpira kwa kuangalia kazi ya kila siku ya mashine peke yake. Ulizeni mpira huo utakutana na nini tangu siku unapofungwa hadi siku unapotolewa: siku ya usafi, siku mashine imesimama na kupoa, siku mtu wa zamu anapofungua valvu ya mvuke kabla ya saa yake. Sili nyingi zilizopita mikononi mwangu zikiwa zimeharibika hazikuharibiwa na kazi yake. Ziliharibiwa na kitu ambacho mnunuzi hakuambiwa.

Chukueni zile pampu za upande wa evaporeta. Kwa wiki nzima zinasukuma juisi ya miwa ya moto. Kisha magamba yanajaa kwenye mirija, uzalishaji unasimama, na tunachemsha kostiki soda humo humo kuyalegeza. Kuna mwaka mnunuzi mmoja aliamua kukomesha maneno ya kuvuja, akaagiza Viton kila mahali. Alikuwa na hoja. Viton, ambayo kwenye karatasi huandikwa FKM, inahimili nyuzi 200 za Selsiasi, inavumilia oili, petroli na asidi nyingi, na juisi ya miwa haiifanyi lolote. Lakini kostiki ya moto huishambulia kwenye kiini chake: hung'oa florini pamoja na hidrojeni kutoka kwenye mnyororo wa molekuli, na mpira unakauka. Usafi haukupita mara nyingi pampu zikaanza kudondosha. Tulipozifungua, oringi ilikuwa ngumu, ukiikunja inapasuka. Tukarudi kwenye EPDM, ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na Viton, na ambayo kostiki, maji ya moto na mvuke wa hadi nyuzi 150 hivi havijawahi kuisumbua. Tangu hapo mtu akiniambia “hii ni bora kwa sababu ni ghali”, namwuliza: bora ndani ya nini?

EPDM nayo ina adui wake, na adui huyo ni mafuta ya petroli ya kila aina: oili ya injini, dizeli, oili ya haidroliki, hata grisi ya kawaida. Fundi yeyote wa magari aliyewahi kuletewa gari ambalo dereva aliongezea breki oili ya injini anajua kinachotokea: mipira ya silinda kuu inavimba, pedali inagoma, na mfumo mzima unabidi ufumuliwe. Mpira ule umetengenezwa ukae kwenye mafuta ya breki ya glikoli, si oili. Kwa hiyo msipake grisi ya bearing kwenye oringi ya EPDM eti iingie kirahisi. Tumieni grisi ya silikoni. Na oringi ya silikoni yenyewe msiipake grisi ya silikoni, maana itainywa na kuvimba.

Penye oili, mpira wetu wa kawaida ni naitrili, NBR. Jeki za haidroliki zinazokandamiza rola la juu la kinu cha miwa, gia boksi, pampu za dizeli, zote ni zake. Ukivuka nyuzi 100 mfululizo unachoka, na hapo ndipo mtakuta HNBR, ndugu yake aliyeongezwa hidrojeni, anayefika 150 hivi. Naitrili haipendi jua wala ozoni. Poliurethani haishindiki kwa kusuguliwa na ndiyo inayofaa sili za jeki, lakini maji ya moto huioza. Kloroprini inafaa kwenye mitambo ya barafu ya amonia, mahali ambapo Viton ya kawaida haifai kabisa. Silikoni inastahimili joto kavu na baridi kali, ila inachanika upesi. Msiiweke kwenye kitu kinachosogea wala kwenye mvuke wa presha. Mpira wa asili, unaogemwa hata kwetu kule Muheza, bado haujapata mshindani kwenye pampu za tope la mchanga, mradi oili isifike.

Sasa niwaonyeshe jambo ambalo vijana wengi mnalikosa kwa haraka. Mkitoa sili mbovu mnaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kukimbilia mpya. Itazameni kwanza. Ifuteni, ipelekeni kwenye mwanga, ipimeni kwa vania. Wiki iliyopita mmoja wenu alitoa oringi kwenye kifuniko cha hita. Ikiwa mpya ina unene wa milimita 5.33. Mfereji wake una kina cha milimita 4.30, kwa hiyo ilikuwa imebanwa milimita 1.03, karibu asilimia 19, jambo ambalo ni sawasawa kabisa kwa sili isiyosogea. Tulipoipima ilikuwa 4.40. Katika ile milimita moja na ushee iliyobanwa, ilirudisha sehemu moja ya kumi tu. Haijakatika, haijapasuka, kwa macho ni nzima, na mtu angeweza kuirudisha. Lakini kazi ya oringi ni kujirudi na kusukuma chuma, na hiyo imekwisha kusahau kujirudi. Bapa pande mbili namna hiyo, tena ngumu, ni joto. Kubadilisha na nyingine ya aina ile ile ni kuahirisha tatizo.

Ikiwa imevimba kama andazi na ukucha unazama, imekutana na kimiminika kisicho chake. Ikiwa na nyufa ndogo zinazokata mkunjo, tena upande wa nje tu, ni ozoni, na mara nyingi iliharibika ikiwa stoo kabla haijafungwa. Ikitafunwa ukingo mmoja, upande ule ambao presha inasukumia, basi pengo la chuma ni kubwa mno au mpira ni laini mno: ikifika baa 100 na kuendelea, acheni ugumu wa 70 wa kawaida, nendeni kwenye 90, au wekeni pete ya Tefloni nyuma yake. Ikiwa na mkato uliozunguka kwa mshazari, ilijisokota wakati jeki inakwenda na kurudi. Malengelenge yanaonyesha gesi iliyojipenyeza ndani ya mpira kwa presha, kisha presha ikashushwa ghafla na gesi ikatafuta njia ya kutokea. Kila moja ya hizi ina dawa yake, na hakuna hata moja inayotibiwa na “nipe nyingine kama hii”.

Na mfereji msiujaze. Mpira haubonyei ukapungua ujazo. Ukiubana hapa unatokea pale. Acheni nafasi, oringi isizidi asilimia 85 hivi ya mfereji, kwa sababu mpira ukipata moto unatanuka mara kumi na zaidi kuliko chuma, na usipopata pa kwenda utajitafuna wenyewe.

Kuhusu joto, mafundi wana kanuni ya kukisia: kila nyuzi 10 zikiongezeka, umri wa mpira unapungua nusu. Si sheria ya Mungu, lakini itawasaidia kuelewa kwa nini sili inayodumu misimu kadhaa upande mmoja wa boila inakwisha ndani ya msimu mmoja upande wa pili.

Baridi nayo msiidharau kwa kuwa tunaishi bondeni. Tarehe 28 Januari 1986, huko Florida, Marekani, chombo cha anga Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Viungo vya roketi zake za pembeni vilizibwa kwa oringi za jamii ya Viton. Asubuhi ile hewa ilikuwa na nyuzi 2 hivi. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa roketi zile, Roger Boisjoly akiwa mmoja wao, walikuwa wameshauri chombo kisirushwe chini ya nyuzi 12, maana mpira uliopoa unachelewa kujirudi. Wakubwa wakaamua vingine. Baadaye Richard Feynman, mwanafizikia aliyekuwa kwenye tume ya uchunguzi, alikibana kipande cha mpira ule kwa klempu ndogo, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, akakitoa na kukifungua. Kilibaki kimebonyea kwa sekunde kadhaa. Nyuzi 2 si baridi ya ajabu. Alfajiri ya Julai kule Makete inafika hapo na kupita. Mkiitwa kufunga jenereta nyanda za juu, ulizeni asubuhi zake kabla hamjauliza mchana wake.

Kuna kitu kingine nataka mkijaribu wenyewe. Kateni utepe wa tyubu ya baiskeli, uningʼinizeni na nati kubwa chini mpaka uvutike sawasawa, halafu umiminieni maji ya moto. Nati itapanda. Mpira uliovutwa ukipashwa moto unajikunja, tofauti na chuma. John Gough, Mwingereza aliyekuwa kipofu tangu utotoni, aliandika jambo hili mwaka 1805, na joto alilipima kwa midomo yake. Kwenu lina maana hii: oringi iliyovutwa juu ya shafti inayozunguka kasi inapata moto kwa msuguano, inajikunja, inaibana shafti zaidi, inapata moto zaidi, mpaka inaungua. Pale shafti inapozunguka muda wote, oili sili yenye mdomo na springi ndiyo mwenye kazi, si oringi.

Stoo. Hapa nitakuwa mkali. Oringi zisitundikwe kwenye misumari, zinavutika na kukakamaa zikiwa hivyo. Zisikae karibu na dirisha, wala karibu na mashine ya kuchomelea au mota za umeme, ambazo cheche zake huzaa ozoni. Zibaki kwenye pakiti yake, maana pakiti ndiyo yenye tarehe ya kuivishwa kwa mpira, robo ya mwaka na mwaka wenyewe. Naitrili iliyotunzwa vizuri tunaihesabia miaka 7, Viton na silikoni 10. Ukishaimwaga kwenye kopo la maziwa pamoja na nyingine hujui tena umri wala kabila lake.

Kabila halijulikani kwa rangi. Kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, mtaambiwa ya kahawia ni Viton na ya kijani ni ya eyakondisheni. Rangi ni unga uliotiwa kiwandani. Mwenye kiwanda akitaka anatia wowote. Viton halisi ina uzito: chukueni mbili za kipimo kimoja mkononi, ile ya Viton itaelemea waziwazi, maana uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya naitrili. Hicho ni kidokezo, si hati. Kwenye kazi ya hatari nunueni kwa mtu anayeweza kuwaandikia jina la mpira kwenye risiti na kulisimamia.

Na msiitambue kwa kuichoma na kunusa moshi, kama mnavyoona wengine wakifanya. Viton ikiungua kupita nyuzi 300 na ushee hutoa haidrojeni floraidi, na mabaki yake meusi yenye unyevunyevu yana asidi inayopenya ngozi mpaka mfupani, huku maumivu yakichelewa kuja. Mashine ikishika moto, yeyote asiguse masalia ya sili kwa mkono mtupu. Vaeni glavu nzito za kloroprini, na mahali hapo paoshwe kwa maji ya chokaa kabla ya kuanza kufungua. Chokaa tunayo tele, si ndiyo tunayosafishia juisi? Aliyegusa akimbizwe hospitali hata kama anasema hasikii kitu, na daktari aambiwe ni asidi ya haidrofloriki, si “ameungua tu”.

Yaliyobaki ni ya kazi. Oringi za pampu za kostiki zimeagizwa. Zikifika, hakikisheni pakiti imeandikwa EPDM na ugumu wa 70 kabla ya mtu kusaini, na mbili za kwanza zilowekwe usiku kucha kwenye kostiki ya moto, zipimwe unene kabla na baada. Jeki ya kinu cha pili inadondosha upande wa kaskazini: kabla ya kubadilisha sili, piteni na kidole kwenye fimbo yake, kuna mkwaruzo karibu na mwisho wa mwendo. Ikiwa haijapigwa kromu upya, sili yoyote mtakayoweka haitafika Krismasi. Sili zilizoharibika zimo kwenye droo ya tatu ya meza yangu, kila moja na kikaratasi cha mashine ilikotoka. Funguo anazo mtunza stoo.

Mzee wenu wa karakana