Waya wa foni umekuwa wa kuanikia nguo



Mwezi uliopita nilirudi nyumbani hapa Goma nikakuta mke wangu ameanika nguo za watoto juu ya waya wa foni. Nilitaka kukasirika, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema ushushwe. Chombo kimekufa, na kila mtu ana telefoni mfukoni. Basi, waya uwe wa nguo. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Vijana, wengi wenu hamkuijua foni. Ilikuwa redio ya kusema na kusikia, yenye kula batri ya gari ya volti 12, na waya uliofungwa juu kati ya mikaratusi miwili. Kwa megahezi 7 waya ulikuwa wa metre 20 hivi. Mawimbi yalipanda juu sana angani, yakarudi chini ng'ambo ya milima, ndiyo maana mtu wa Walikale alisikia Goma bila nguzo yoyote katikati. Hata Celtel ilipoanza kwetu Kongo mwaka 2000, na Vodacom mwaka 2002, kule porini nguzo zilikawia sana.

Kabla sijaenda shule ya Biblia, mimi nilikuwa kijana wa foni parokiani. Asubuhi tulipashana habari: nani mgonjwa, nani amejifungua, nani yuko njiani. Kabla ya kufunga, ilikuwa zamu ya fundi. Watu wa porini waliuliza: gurupu linazimika, frigo ya chanjo haipoi, pompi haivuti maji. Fundi wetu, mzee wa maneno machache, alijibu polepole. Na foni haina siri: mmoja akisema, wote wanasikia. Swali la mtu mmoja lilikuwa somo la vituo vyote. Mimi niliandika majibu ndani ya daftari, na daftari lile ninalo mpaka leo.

Siku moja waliuliza juu ya maji ndani ya shimo la kuchimba madini. Mzee akaeleza: pompi ya kuvuta, ikikaa juu, haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya metre 7 au 8, hata motere iwe na nguvu namna gani. Ndiyo sababu wachimbaji wanaishusha ndani na motere yake ya esansi. Moshi wake una hewa yenye kuua, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, mtu anaanguka. Gurupu libaki nje, mbali na mdomo wa shimo, na pompi ya umeme ndiyo ishuke. Tena, mtu akianguka, msimfuate mbio, maana hewa ile inawangoja na ninyi.

Msifikiri foni ilikuwa paradiso. Ugomvi wa bwana na bibi ulisikika mpaka parokia ya tatu, na wakati wa vita kuwa na antena juu ya nyumba kulikuwa kujitafutia matata.

Lakini sikieni hili. Miaka michache iliyopita, telefoni zikiwa zimekwisha kufika kwenye machimbo, kijana mmoja wetu alimpigia fundi. Akapata jibu lilelile la daftari langu. Akashukuru, akakata. Timu yake wakatoa motere nje. Shimo la jirani, hatua mia moja tu, watu ambao walikuwa wanakaa naye benchi moja kanisani, hawakujua neno. Juma lile tulizika wawili, na wa pili ni yule aliyeshuka kumwokoa mwenzake.

Kijana aliniambia kwa machozi: "Pasta, mimi sikuwaficha. Hawakuuliza."

Ni kweli, hawakuuliza. Mimi nilikuwa na daftari sandukuni, nami sikuwasomea.

Mtaniambia kuna WhatsApp. Ndiyo, parokia ina kikundi. Lakini mega zinalipwa, mama wengi wana simu ndogo za vibonyezo tu, na jibu la fundi linazama upesi chini ya picha za harusi.

Kwa hiyo siku hizi, kisha matangazo, nauliza: nani amejibiwa na fundi juma hili? Mwanzoni watu walicheka. Jumapili iliyopita mama mmoja muuza samaki alisimama, akaeleza kwa nini batri ya solari yake ilikufa: alikuwa anaiongezea maji ya ziwa, kumbe inataka maji safi ya batri yanayouzwa kwa chupa. Nyuma kule, watu wanne wakaanza kutafuta kalamu.