Kabla Hamjaikata Ardhi ya Mama Yenu

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na ile michoro nimeitandaza mezani nikaitazama kwa utulivu. Naona ekari mbili za marehemu mama yako hapo Karen zimewekewa magorofa ya familia arobaini, na ekari tano za babu yenu upande wa Kiserian zimekatwa ploti za hamsini kwa mia. Naona pia dalali amewaahidi kuwa mambo ya karatasi atayamaliza mwenyewe. Nimeshika kamba ya upimaji miaka mingi, na ahadi ya namna hiyo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote.

Umeandika kwa hasira kwamba kanuni ya nusu ekari kwa nyumba moja ni ukuta wa matajiri. Hujakosea kabisa. Mtaa huo wa Karen ulikuwa shamba. Kampuni ya kahawa aliyoisimamia Karen Blixen ilianguka, kwani mahali pale pako juu mno kwa kahawa, na mwaka 1931 shamba likauzwa kwa mtu aliyelikata viwanja vya makazi. Familia za Wakikuyu walioishi humo kama maskwota hazikuwa na sauti katika mauzo hayo, na ilibidi wahamie upande wa Dagoretti. Viwanja vile vipana vilikatwa kwa ajili ya wachache. Hata leo, pita mtaa wa mabanda wa Kuwinda uone wanaofua nguo na kupalilia bustani za Karen wanavyobanana, mabati kwa mabati, hatua chache kutoka kwenye mageti makubwa.

Lakini kanuni hiyo ina sababu nyingine, nayo iko chini ya miguu yenu. Sehemu kubwa ya Karen haina bomba la maji taka. Kila boma lina tangi lake na shimo la kunyonyea, na maboma mengi yanakunywa maji ya kisima kilichochimbwa kwa mashine. Nyumba moja ikikaa kwenye nusu ekari, udongo unapata nafasi ya kuyachuja maji machafu kabla hayajafika mbali. Zikikaa familia arobaini kwenye ekari mbili, yale maji yatakwenda kwa jirani, au yatashuka vijitoni hadi Mto Mbagathi unaopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi.

Usiniamini kwa maneno matupu. Nenda na fundi mchimbe shimo la kimo cha mtoto pale mnapotaka kuweka tangi. Lijazeni maji jioni, yaacheni yalowe usiku kucha, asubuhi mjaze tena, kisha mkae na saa na kijiti chenye alama. Udongo mwekundu utayanywa maji huku mkitazama. Mkikuta ule mweusi wa kunata, au mwamba umejitokeza, maji yatabaki yanawatazama ninyi. Mkiona hivyo, jiulizeni magari ya kunyonya maji machafu yatakuja mara ngapi kwa wiki, na nani atayalipa mkishauza nyumba zote.

Sasa sheria. Tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi. Inasema hakuna ujenzi wala ubadilishaji wa matumizi bila kibali cha kaunti. Anayekiuka anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili, na pia anaweza kuamriwa airudishe ardhi ilivyokuwa. Faini hiyo mwenye pesa anaicheka. Kubomoa magorofa haichekeshi.

Mkitaka kuipinga kanuni, ipingeni mchana kweupe. Mpangaji miji mwenye leseni ataandika maombi ya kubadilisha matumizi, ilani itatoka gazetini na nyingine itawekwa kwenye kiwanja, na wenye pingamizi watapewa siku zao za kujibu. Mradi wa ukubwa huo utahitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, baada ya tathmini ya mazingira. Mkikataliwa, kuna kamati ya rufaa ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Jueni kwamba majirani zenu wanazisoma hizo ilani. Chama cha wakazi wa Karen na Lang'ata, KLDA, kimekuwepo tangu 1940, na si chama cha kuogopa mahakama. Kibali kilichopatikana kwa mlango wa nyuma kitawafia mikononi siku ya kwanza mbele ya jaji, na wa kujibu mtakuwa ninyi wenye jina kwenye hati. Dalali atakuwa amekwishachukua chake.

Mimi ningefanya hivi: nyumba tatu. Kwa hesabu ya haraka ekari mbili ni nyumba nne, lakini toeni barabara ya ndani na mtaona ya nne haitoshi nusu ekari yake. Nyumba tatu zilizojengwa vizuri, mbili za kupangisha na moja ya ndugu yenu asiye na makao, zitawalisha bila kesi.

La Kiserian ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa pale hakuna chama cha wenye magari makubwa kitakachowapinga. Ardhi ile ni ya kilimo, na Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka kuikata au kuiuza kupitie bodi ya udhibiti wa ardhi. Bodi itataka kuwaona ninyi wenyewe, na itauliza kama mke na watoto wanajua. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba, la sivyo mkataba ni batili na mtadaiwa pesa za watu. Zaidi ya bodi hiyo na kile kibali cha kaunti, mlinzi hamna. Katiba ya 2010 iliagiza Bunge liweke kipimo cha chini cha shamba. Muswada ukaandikwa 2015, lakini haukufika kuwa sheria. Kwa hiyo kule, mara nyingi kinachozuia shamba lisigeuke ploti ni busara ya wenye shamba. Ng'ombe wawili, nepia, mahindi na maharagwe vya babu yenu vimewalipia karo watoto wa nyumba tatu. Ploti huuzwa mara moja. Na anayenunua ya hamsini kwa mia atachimba choo na kisima humo humo, akipimiana hatua na jirani.

Tena kuna jambo ambalo hukuligusa kabisa katika barua yako. Je, mirathi imekwisha? Hata mkipewa barua za usimamizi, ardhi ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama ithibitishe, na kwa kawaida hilo husubiri miezi sita. Dada yako mdogo jina lake halimo kwenye karatasi hata moja uliyonitumia. Mali bila daftari huisha bila habari, na ndugu waliosahauliwa kwenye daftari ndio wanaokutana na mawakili.

Basi, mpwa wangu, usitie sahihi chochote mwezi huu. Itisheni kikao cha ndugu wote, dada zako wakiwemo. Fanyeni upekuzi rasmi wa hati, msome masharti ya hati yenyewe, kisha mwulizeni mpangaji miji aliyesajiliwa kaunti inaruhusu nini mahali hapo. Ya Karen jengeni kwa kipimo ambacho ardhi inaweza kubeba. Ya Kiserian iacheni ilimwe. Mkikubaliana hivyo, nitakuja mwenyewe na kamba yangu kuwaonyesha mipaka, na sitawatoza hata senti.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.